Mkono wa Kushoto wa Iiris

Kila tunapokwenda hospitali, mke wangu Marketta humshika binti yetu mkono wa kushoto. Iiris ana miaka tisa. Ugonjwa wa Rett, hitilafu ya vinasaba, ulimnyang'anya maneno na kazi ya vidole angali mdogo. Siku hizi mwili wake hujikaza pia: mkono hujisokota, shingo hugeuka, mguu hukakamaa. Ukimshika ule mkono hutulia. Tumeushika muda mrefu mno, hata hatujui tena kwamba tunaushika.

Hospitali walisema ni kifafa. Dawa ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka Iiris akawa anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Sisi tuliamini si kifafa, lakini mbele ya daktari mtoto alikaa tuli kama picha.

"Mngemrekodi kwa simu," Daktari Lahtela alisema asubuhi hiyo.

"Kwa mkono upi, daktari?" Marketta akamuuliza. "Kumlea tu kunamaliza yote minne."

Daktari akatabasamu, kisha akanyamaza akimtazama Iiris. Kwetu sisi Wafini mtu akinyamaza hakatizwi, huenda anafikiri. Nikatazama theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyangu. Tulikuwa tumetoka mji wetu wa Kajaani kabla ya mapambazuko, na Marketta hakuwa amelala. Chumba kilikuwa na joto. Kimya kikarefuka, kichwa cha Marketta kikainama taratibu mpaka kidevu kikazama kwenye skafu.

Vidole vyake vikalegea.

Mkono wa Iiris ukateleza, ukaanza kujisokota kuelekea mgongoni. Shingo ikafuata. Nikanyanyuka kuudaka.

"Mwache kidogo, Olavi," daktari akaninong'oneza.

Nikakaa, mikono nimeibana katikati ya magoti. Daktari akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Iiris, mrembo, unanisikia?"

Macho yakamgeukia, yakatulia usoni pake. Iiris akacheka, mwili ukizidi kumpinda.

"Yupo," daktari akasema. "Yupo na fahamu zake zote. Naona hiki si kifafa, ni misuli inajikaza yenyewe. Tutampima ubongo tena tuhakikishe, kisha dawa tutaipunguza polepole. Kumbe siku zote mlikuwa mnamshika?"

"Nadhani," nikasema.

Nikauchukua ule mkono. Ukatulia. Marketta alikuwa akikoroma kidogo.

"Nimwamshe?"

"Mwache apumzike."

"Nje kuna mgonjwa anasubiri."

"Mfini yule," daktari akasema, akirudi kitini. "Hatauliza kitu."