Miguu Yenye Moto

Kule Puge, mgonjwa hakutazamwa uso wala ulimi. Aliitwa mama mkwe wangu, Apolinaria, akamshika nyayo. Zikiwa baridi, watu walianza kuulizana nani atachimba kaburi. Zikiwa na moto, walirudi shambani. Ujuzi huo aliurithi kwa baba yake, mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu. Mwenzao akianguka njiani, walimshika nyayo: mwenye moto alibebwa, mwenye baridi aliachwa kichakani na kibuyu cha maji.

Mume wangu Kasimiri alikonda akabaki mifupa. Alimaliza mtungi wa maji na kiu haikukatika, na alipokojoa sisimizi walijaa. Akila ugali, jasho lilimtiririka usoni na kifuani, lakini miguu ilibaki mikavu, imepasuka kama ngozi ya kenge. Alilalamika inaganda kwa baridi. Ukiigusa, ina moto.

Sista wa zahanati ya misheni alimpima mkojo, akaniambia bila kuzunguka.

"Ni kisukari. Kimeua mishipa ya fahamu ya miguu, ile inayoiamuru ngozi itoe jasho na kubana damu kukiwa na baridi. Sasa damu inajaa tu huko chini. Moto ule usikudanganye, Josepha. Mpeleke Tabora akachomwe sindano za insulini, wiki hii hii, la sivyo atakufa."

Lori la Fakhrudin, mwenye duka, lilikuwa linapeleka pamba Tabora kesho yake. Nikafunga mzigo. Apolinaria akaingia, akapiga magoti, akamshika mwanawe nyayo, akacheka kwa furaha.

"Mkamwana, unampeleka mtu mzima kwa Wazungu wakamkate? Miguu ina moto hii!"

"Mama, sista amesema moto huo ndio ugonjwa."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Miguu ya mtu haijapata kunidanganya."

Kasimiri akaniambia nifungue mzigo. Mwanamume mwenye ng'ombe wake, aliyethubutu kubishana na bwana shamba wa serikali juu ya matuta, mbele ya mama yake alikuwa mtoto mchanga. Nilimchukia yule mama siku ile, na sijaacha.

Kwa kuwa alisikia baridi, Kasimiri alilala nyayo zikielekea mekoni. Alfajiri niliamshwa na harufu ya nyama. Kisigino kilikuwa kimeiva, na mwenyewe anakoroma. Kidonda kikaoza, weusi ukapanda mguuni, kisha akaanza kuhema mbio na akiitwa haitiki. Hapo ndipo Apolinaria mwenyewe alipokimbilia barabarani kulisimamisha lori.

Tulimlaza juu ya marobota ya pamba. Mimi nilikaa kichwani, mama yake akaupakata mguu uliosalia mzima. Kila tuliporushwa na shimo alisema, "Bado una moto."

Tulipoanza kuona mabati ya Tabora, kifua kiliacha kupanda. Niliweka sikio, nikangoja, nikangoja tena.

"Mama, Kasimiri ametutoka."

"Nyamaza! Njoo ushike."

Nikashika. Ulikuwa na moto kweli.

Akageuka, akaanza kupiga paa la lori kwa ngumi. "Dereva, kaza mwendo! Mwanangu mzima!"

Nikamwacha apige.