Zamu za Mama Kadogo

Mama Kadogo alitoka kazini jioni, akapitia dukani kuchukua mkate na maziwa, na alipofika nyumbani akakuta mwanawe ameota meno ya mbele. Asubuhi alikuwa amemwacha na ufizi mtupu. Akaweka mkate mezani, akanawa mikono, akamshukuru jirani kwa kumwangalizia mtoto.

"Yametoka baada ya chai," alisema jirani. "Wala hakusumbua."

Tangu kiwanda cha mashati kifunguliwe, watoto wa wanawake waliofanya kazi humo walikuwa wakikua upesi, na pale tu mama zao walipokuwa kwenye zamu. Jumapili kiwanda kilipofungwa, mtoto alibaki vilevile kutwa nzima, hata kucha hazikurefuka. Nesi wa zahanati alishazoea, akawa anawachoma chanjo zote kwa mkupuo mmoja. Shuleni watoto waliingia darasa moja asubuhi wakatokea jingine saa ya kurudi nyumbani, na walimu waliona afadhali, maana hakuna aliyepata nafasi ya kuwa mtoro. Kilichowatoa watu jasho ni viatu.

Mama Kadogo hakuwa mtu wa kukisema kiwanda vibaya, na waliokisema hakukaa nao. Mtoto wake wa kwanza alifia mgongoni mwa baba yake wakielekea hospitali, katikati ya tope lililofika magotini. Siku hizi lami ilifika hadi mlango wa zahanati, maji yalitoka bombani, na Kadogo alikunywa maziwa kila siku ya Mungu. Barabara ile aliipenda kwa moyo wote. Baba Kadogo mwenyewe alikuwa kwenye kikosi cha kuijenga, huko mbele ilikokuwa ikiendelea, na alituma salamu pamoja na hela ya mchele.

Kazi ya Mama Kadogo ilikuwa kushona kola. Kola za shati hazina mzaha, ukipinda kidogo shati zima linakuwa na shingo upande, kwa hiyo macho yake yalikuwa kwenye sindano na masikio kwenye utani wa wenzake.

"Mwanao vipi, shoga?"

"Jana nimemwacha anatambaa, leo kaniomba nauli."

Wakacheka, cherehani zikaendelea.

Kutambaa kwa Kadogo kulimpita hivyo hivyo. Neno lake la kwanza lilisikiwa na jirani, ambaye kwa uungwana wake alishikilia kwamba lilikuwa "mama". Mama Kadogo hakumwamini, ila alimpelekea sukari.

Kisha ikaja Jumapili moja, Kadogo akiwa wa miaka kama sita hivi, ana pengo, na maswali hayamwishi mdomoni. Alitaka kujua siafu wanalala saa ngapi. Alitaka kujua kwa nini sabuni haijioshi. Akamwigiza jirani anavyotembea, mama yake akacheka hadi akashika mbavu. Siku ile Mama Kadogo hakufua wala hakupiga pasi. Alikaa kwenye mkeka akimtazama, na moyo ukamwambia ni hapa hapa, asivuke hapa kabla hajamfaidi.

Jumatatu akaenda kwa msimamizi kuomba likizo.

"Likizo ipo," alisema msimamizi, mtu mpole ambaye watoto wake mwenyewe walikua polepole huko alikotoka. "Kuna oda kubwa ya nje. Wanaopiga zamu mbili mpaka iishe, tunawapa mwezi mzima, na mshahara juu."

Mama Kadogo akapiga hesabu yake kichwani. Oda ikiisha, Kadogo atakuwa na miaka tisa, kumi akizidi sana. Wa miaka kumi bado ni mtoto, bado anauliza maswali. Atampata mwezi mzima, Jumapili tupu.

"Zamu mbili siyo mbili, shoga," mwenzake wa cherehani ya pembeni alimwonya. "Hizo zinamkimbiza mtoto."

Mama Kadogo alidhani ni kijicho. Akaanza siku hiyo hiyo, akawa analala humo humo kiwandani.

Katikati ya oda, jirani alimfuata getini kuomba hela ya viatu. Akaja tena kuomba ya sidiria. Baada ya hapo hakuja.

Oda ilipoisha, mgeni kutoka wizarani alikuja akapanda jukwaani. Alisema nchi inakimbia wakati wenzake wanatembea, na utajiri wake mkubwa ni vijana, ambao kila kukicha wanaongezeka. Mama Kadogo alipiga makofi, na hakuwa anajifanya. Kisha akachukua barua yake ya likizo, akapitia sokoni kununua kamba ya kuruka, nyekundu, yenye mishikio ya mbao, akijiambia hata wa kuvaa sidiria huruka kamba.

Aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye pua yake, amevaa aproni ya kiwanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata kazi. Vifungo. Naanza leo zamu ya mchana."

"Hongera," alisema Mama Kadogo. Ilikuwa kazi nzuri, ya kukaa, na aliisema hongera ile kwa dhati. Kamba akaiweka nyuma ya mlango. Akavuta kigoda.

"Njoo nikusuke. Huwezi kwenda kazini na nywele hizo."

Kadogo akakaa sakafuni katikati ya magoti yake. Mabega yalikuwa mapana, ikabidi mama apanue miguu. Akagawa nywele kwa kitana, akaanza msuko wa kwanza nyuma ya sikio.

"Mama," alisema Kadogo. "Mimi sikumbuki sana. Ilikwenda haraka. Nilikuwa mtoto wa namna gani?"

Vidole vya Mama Kadogo vikasimama. Hakutaka kumdanganya.

"Jumapili ulikuwa mchekeshaji," alisema. "Siku zile nyingine, muulize jirani."

King'ora cha kiwanda kikalia. Kadogo akafunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa upande mmoja, akaaga, akaifuata lami.