Kikanyagio cha Kushoto

Pikipiki ililetwa kwenye karakana ya Gathogo siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, ikiendeshwa na Maina, dereva wa Mzee Kinyanjui. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku mawili ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Maina aliiegesha kando ya barabara ya mtaa wa Section 58, mbele ya mageti mawili yaliyokuwa yakingoja rangi, akaeleza kwamba mwenyewe anataka vikanyagio vya mbele.

"Magoti inamuuma akifika Eldoret," alisema Maina. "Anataka kunyoosha miguu kama amekaa kwa sofa."

Gathogo alikuwa na mguu mmoja, wa kulia. Wa kushoto ulikatwa chini kidogo ya goti na msumeno wa kiwanda cha mbao cha huyo huyo Kinyanjui, kule Elburgon, miaka miwili iliyopita. Kiwanda kilisema siku hiyo Gathogo hakuwa kazini. Jina lake lilikuwa limekwanguliwa kwenye orodha ya zamu kwa wembe, kazi safi kabisa, karatasi haikutoboka. Tangu hapo alikuwa akiomba kitu kimoja tu: barua ya sentensi moja, kwamba aliumia akiwa kazini. Kulikuwa na mpango wa kuwapa miguu bandia wafanyakazi walioumia kazini, na bila barua ya mwajiri mtu hapewi hata kiatu.

Kinyanjui hakuwahi kumtukana. Ni mtu wa heshima zake, mzee wa kanisa, anayekunyima kitu huku amekushika bega. Kila mara alisema barua atakuja kuiandika akitulia. Ndiyo maana Gathogo aliipokea ile kazi. Alifikiri kwamba mtu aliyeweza kunyoosha magoti angeweza pia kutulia.

Alikata bomba la inchi moja, akatengeneza klampu za kushika chuma kinachokinga injini, akavivisha vikanyagio raba ya tairi la lori ili visiteleze. Kilichobaki ni kupima mahali pa kuvifunga. Gathogo hakuamini tepu. Alipotengeneza kitanda alikilalia, alipotengeneza kiti alikikalia, na mteja aliyetaka vikanyagio alipandishwa kwenye pikipiki na kuambiwa anyooshe miguu hadi atabasamu. Lakini mteja alikuwa kwenye mkutano, na Maina ni mfupi. Walimpigia simu.

"Jipime wewe mwenyewe, Fundi," alisema Kinyanjui. "Si urefu wetu ni mmoja?"

Ni kweli urefu wao ulikuwa mmoja. Gathogo aliegemeza mikongojo yake ukutani, akasaidiwa kupanda, akanyoosha mguu wa kulia, akatia alama ya chaki mahali unyayo ulipotulia. Upande wa kushoto haukuweza kuigwa kutoka upande wa kulia, kwa sababu kushoto ndiko kuna gia. Akafumba macho, akaunyoosha mguu ambao hakuwa nao, taratibu, mpaka kisigino kikapata raha. Alitia alama ya chaki hapo hapo. Maina alimshikia taa ya simu ili aone vizuri, na bolti zikakazwa kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya Jumapili Kinyanjui alitoka na wenzake wa klabu kwenda Eldoret. Alipiga simu wakiwa wamesimama Salgaa kunywa chai.

"Fundi, sasa. Kuna mguu hapa."

"Uko upande gani?" aliuliza Gathogo.

"Kushoto. Uko juu ya hiyo peg ya kukanyagia."

"Umevaa gambuti?"

"Nyeusi. Iko na matope."

"Basi ni wangu, boss."

Kinyanjui aliuliza kama mguu utakuwa unahitaji chochote njiani. Gathogo alisema hadhani. Baadaye ilisikika kwamba wenzake wa klabu hawakulalamika, ila mwenyekiti alisema kiatu cha mpira kama gambuti si vazi la klabu. Askari kwenye kizuizi cha Mau Summit aliuliza kama ule mguu ni abiria au ni mzigo. Aliambiwa ni mzigo, akawaruhusu wapite.

Nyumbani Bahati, Wangare, mke wa Gathogo, alienda nyuma ya zizi akakuta shimo pana kama sufuria, udongo umewekwa kando vizuri. Ni yeye aliyeuzika ule mguu. Kwao mtu haachi kipande chake hospitalini, kwa hiyo aliupakia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akaubeba mapajani kwenye gari hadi Bahati, akauzika na gambuti yake, maana gambuti ilikataa kutoka. Sasa alilifukia lile shimo na kupanda spinachi.

"Baba Abby," alisema alipoingia ndani, "hiyo gambuti iko na namba."

Hapo Gathogo alikaa wima. Kiwandani gambuti hutolewa stoo kila asubuhi na kurudishwa kila jioni, na kila jozi ina namba yake ya rangi nyeupe. Hakuna anayekwenda nazo nyumbani. Wenye kiwanda walikumbuka kukwangua orodha ya zamu, lakini hakuna aliyekumbuka kitabu cha gambuti. Nani hukumbuka gambuti? Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Gathogo alikula akashiba.

Afisa wa leba anayeshughulikia wafanyakazi, mama mmoja anayeitwa Akeyo, alikubali kwenda Elburgon. Walikutana uani, kati ya magogo, Kinyanjui akiwa ameileta pikipiki yeye mwenyewe kama alivyoombwa. Mguu ulikuwa mahali pake. Kuanzia chini ya goti kwenda chini ulikuwa mguu kamili. Kwenda juu hakukuwa na kitu, na upepo ulipita hapo bila shida. Akeyo aliinama akapangusa matope kwa karatasi. Namba ilikuwa thelathini na moja.

Mwenye stoo, Jepleting, alifungua kitabu cha gambuti akasoma kwa sauti. Namba thelathini na moja ilitoka siku ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi, imetiwa sahihi na Gathogo. Haikurudi.

"Kwa hivyo alikuwa kazini," alisema Akeyo.

"Mimi sijakataa," alijibu Kinyanjui kwa upole.

Wangare alimshika mumewe mkono. Mashine zilikuwa zimezimwa na kila mtu alisikia. Akeyo alitoa fomu, akajaza jina, akajaza tarehe, akajaza chanzo cha ajali, na Gathogo aliifuata kalamu kwa macho neno kwa neno. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza kiungo kilichopotea," alisema Akeyo.

"Mguu wa kushoto, madam."

Akeyo aliutazama mguu. Alibonyeza gambuti kwa kidole, na mguu ukajisogeza kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini. Alibonyeza tena. Ulimpiga teke, si kwa nguvu.

"Uko hai," alisema. "Na juzi ulienda Eldoret. Siwezi andika umepotea na mimi nimeuona. Nikiandika hivyo mimi ndio nitaulizwa."

"Lakini mimi siutumii," alisema Gathogo.

"Fomu haiulizi nani anautumia, mzee."

Kinyanjui alisema yeye hana kinyongo, hajawahi kung'ang'ania kitu cha mtu. "Chukua mguu wako, Fundi. Chukua uende nao."

Gathogo aliweka mikongojo chini, akapiga magoti, akaushika mguu kwa mikono miwili. Alivuta. Wangare naye alivuta. Jepleting aliweka kitabu pembeni akaja kusaidia. Mguu ulikazana na kikanyagio kama jiwe la msingi. Miaka kumi na minne ulikuwa umesimama kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, mbele ya msumeno, saa kumi kwa siku, na hapa ilikuwa mara ya kwanza kuwekwa mahali palipotengenezwa kwa ajili ya starehe yake. Gathogo aliona hivyo, akauachilia. Alikuwa na hasira, na mbaya zaidi ni kwamba hakuweza kuukasirikia mguu.

Akeyo alichora mstari kwenye nafasi iliyobaki, kumaanisha hakuna kilichopotea, akaipiga fomu muhuri. Barua ya mwajiri, alieleza, huandikwa kwa aliyepoteza kiungo. Kinyanjui alimshukuru kwa kufika, akamshika Gathogo bega.

Wiki tatu baadaye Maina aliileta tena pikipiki Section 58, na safari hii Kinyanjui alifuata nyuma kwa gari. Upande wa kushoto kulikuwa na msongamano, alisema. Mguu wake na ule mwingine ilikuwa ikisukumana njia nzima, na magoti yalikuwa yameanza tena. Alitaka kikanyagio cha pili huko huko kushoto.

Gathogo alijua habari hiyo. Kila safari ya klabu alishikwa na mkakamao kwenye vidole ambavyo hakuwa navyo, na buti la mtu lilimkanyaga kifundoni kuanzia Njoro hadi Molo. Kuikataa kazi hiyo kungekuwa kuutesa mguu wake mwenyewe. Alikata bomba, akalivisha raba.

Kinyanjui alipanda, akanyoosha miguu yote mitatu, akafumba macho. Alitabasamu.

"Na ile barua, boss?" aliuliza Gathogo, akiwa bado ameshika spana. "Wewe ulisema hujakataa."

"Barua ya nini tena?" Kinyanjui alishangaa kwa dhati. "Mguu wako unatembea kunishinda. Umeona Ziwa Baringo, umeona Kericho. Wewe ungeupeleka wapi?"

Gathogo alikaza bolti ya mwisho, akaikaza tena, ingawa ilikuwa imeshakazwa.

Jumapili iliyofuata alikuwa akipanda kilima cha Bahati kwenda kanisani na Wangare. Mvua ilikuwa imenyesha na mikongojo ilizama kwenye matope kila hatua. Pikipiki za klabu ziliwapita barabarani zikielekea Nyahururu. Kinyanjui aliwapigia honi, na Wangare akapunga mkono kabla ya kujizuia.

Gathogo alisimama kupumzika mara tatu. Mara ya tatu alihisi baridi nzuri ikimpitia kwenye unyayo wa kushoto, na barabara ikiteremka.

"Wamefika Subukia," alisema.

"Sisi bado hata geti ya kanisa," alisema Wangare, akamchomolea mkongojo matopeni.