Mluzi wa Bibi Hedwiga

Darasa langu la awali hapa Bombo linajifunza hewa kwa mikono. Tulizamisha glasi kichwa chini kwenye beseni la maji, karatasi ikiwa ndani, na karatasi ikatoka kavu. Tulikimbia na mapulizo uwanjani. Nikawauliza upepo ni nini, wakajibu kwa pamoja, "Hewa inayotembea."

Aliyeifikisha habari hiyo nyumbani ni Agape, mtoto wa miaka mitano asiyejua kunyamaza. Alimkuta bibi yake, Hedwiga, amesimama na ungo wa maharage, anapiga mluzi kuuita upepo uje kupeperusha makapi, kama mama yake mzazi alivyofanya zamani. Agape akamwambia, "Bibi, unajichosha bure. Upepo hauna masikio."

Kesho yake Agape hakuja shule. Keshokutwa pia. Jirani akaniletea ujumbe wa bibi kwamba mjukuu atarudi siku shule itakapofundisha adabu.

Nilikasirika, kisha nikahuzunika. Bila Agape darasa lilipoa kama ugali wa jana, maana maswali yote yalikuwa yake. Na bibi naye alikuwa na haki. Sayansi niliifundisha, shikamoo nikaisahau.

Somo lililofuata lilikuwa kutengeneza upepo kwa vipande vya maboksi. Nikalihamishia kwa Bibi Hedwiga, darasa zima likinifuata kilimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniletea jeshi, mwalimu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na hawa wamekuja kusaidia maharage."

Akachukua ungo wake. Siku hiyo hata jani la mgomba halikutikisika, na maharage yaliyopurwa yalikuwa bado turubaini pamoja na makapi yake. Akachota kwa ungo, akauinua, akapiga mluzi mrefu huku akinikazia macho. Hakuna kitu. Akapiga tena, na tena, mpaka midomo ikamkauka. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Nikawapa watoto ishara. Wakapepea maboksi yao kwa nguvu zote, bibi akiyamwaga maharage kutoka kwenye ungo, na makapi yote yakanijaa usoni. Mwalimu mzima wa upepo, nilikuwa nimesimama upande usiofaa.

Bibi Hedwiga alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Nimeuita tangu juzi," alisema akifuta machozi. "Kumbe ulikuwa njiani, unakuja kwa miguu."

Agape alikuwa mlangoni, mikono mgongoni, hasemi neno. Bibi akamgeukia.

"Na wewe umesimama nini? Wenzako wako darasani."

Agape akaja mbio. Hakuwa na boksi, kwa hiyo alijaza mashavu, akapuliza.