Mguu wa Kulia wa Ueslei

Mwaka mzima Jucimara aligombana na watu kwa ajili ya mguu wa kaka yake. Aligombana kwenye foleni ya mkate, akagombana saluni, na siku moja alimzaba kofi kijana wa watu nje ya kanisa kwa sababu ya neno moja tu: alisahau. Ueslei alisahau breki. Mtaa mzima kule ukingoni mwa São Paulo ulikwisha kata shauri hivyo, na mtaa ukishakata shauri, marehemu hana pa kukata rufaa.

Ueslei alikuwa bingwa wa kunyanyua. Pua ya pikipiki juu, gurudumu moja chini, anakwenda hivyo barabara nzima kama aliyekaa sebuleni kwake. Mchezo wenyewe huitwa grau, na vijana wa kule wako radhi walale njaa kuliko kuukosa. Jumapili moja ya Juni, kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, pikipiki ilipanda ikapitiliza, ikambwaga chali. Kofia ngumu alikuwa ameivaa, lakini shingo haina kofia.

Aliyemfundisha ni Seu Genival, yaani Bwana Genival, fundi pikipiki mwenye kitambi na mdomo usio na breki. Tangu msiba ule alimgeuza Ueslei kuwa somo.

"Kunyanyua hata mbuzi ananyanyua," aliwaambia wanafunzi wake kila Jumapili. "Kushusha ndiyo kazi. Pua ikizidi, kanyaga breki ya nyuma, itashuka yenyewe. Mguu wa kulia haubanduki kwenye kanyagio, hata ung'atwe na siafu. Mnamkumbuka Ueslei? Alisahau."

"Hakusahau," Jucimara alisema Jumapili moja, amesimama kando ya uwanja na mfuko wa sokoni mkononi.

"Ulikuwepo wewe, ukauona huo mguu?"

"Simjui kaka yangu? Alikuwa ananikalisha kwenye pikipiki pale uani, haijawashwa hata moto, ananiuliza, 'Mguu?' Nisipojibu 'Upo' ananipiga kofi la kisogo. Mtu wa hivyo anasahau?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha huo wimbo, binti."

"Basi nifundishe na mimi."

Genival alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki.

Nia ya Jucimara ilikuwa wazi kama mchana. Kwa watu wa grau, mwendeshaji akitimiza mwaka kaburini, baada ya misa wenzake hukusanyika pale alipokuwa akicheza, na anayetangulia kunyanyua ni damu yake. Jucimara alitaka atangulie yeye, kwa pikipiki ya Ueslei ile ile. Angenyanyua mbele ya wote waliosema, kisha ashushe kwa breki, taratibu, ili waone jinsi mguu wa nyumba ile unavyokumbuka. Hapo ndipo angepata usingizi.

Pikipiki ilikuwa imekaa miezi kwenye yadi ya polisi ikinyeshewa, hadi mvua ikaiosha kila kitu isipokuwa kutu. Genival aliinyoosha, akaifungia pedi mpya za breki, akamfundisha binti kama anavyofundisha mwoga: glavu, suruali nzito, gia ya chini, mwendo wa mzee. Kwanza kunyanyua kidogo tu na kukanyaga papo hapo. Nyanyua, kanyaga. Nyanyua, kanyaga. Wiki kwa wiki alimkataza kupandisha zaidi, na Jucimara alirudi nyumbani mikono ikimtetemeka hata kijiko kikawa kizito. Kufikia Mei aliweza kwenda kutoka lango la kiwanda hadi kwenye tanuri bovu, pua juu, akashuka laini.

Siku ilipofika, aliamka akamkuta mama yake, Dona Marinalva, amepiga magoti uani mbele ya pikipiki. Mama huyu hakuwa ameigusa pikipiki ile tangu iliporudi. Sasa ilimeremeta kote, kuanzia tangi mpaka matairi.

"Mama! Umeamka saa ngapi?"

"Sijalala. Kwani mwanangu aende kwenye siku yake na chombo kichafu?" Alimwonyesha chupa ya buluu iliyonukia nazi. "Dawa ya kung'arishia. Nilimnunulia yeye, kwa Jumapili ile. Niliipaka mara moja tu, angalia, bado imejaa. Akaniambia, 'Mama, leo nitawaka kuliko jua.' Nimepaka kote, hata ile sahani ya chuma ya gurudumu la nyuma, ilikuwa na kutu mbaya."

Jucimara alimbusu kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimwona mama yake ana kazi ya kufanya, na moyo wake ukajaa.

Misa ilipokwisha alirudi kuichukua. Uwanja si mbali, ni mteremko mfupi tu, na breki ya mbele yamtosha mtu kufika. Watu walikuwa wamejaa, fulana zina sura ya Ueslei kifuani, kahawa na keki ya mahindi vimepangwa juu ya meza. Dona Marinalva alikalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki. Injini zilinguruma mpaka ardhi ikatikisika, kisha Genival akainua mkono na zote zikatulia.

"Mguu?" alipaza sauti.

"Upo!"

Jucimara aliondoka taratibu, na kabla ya kunyanyua akaijaribu breki ya nyuma, kama alivyofunzwa. Kanyagio lilizama na gurudumu likaendelea kuzunguka. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Hola. Alisimama kwa breki ya mbele, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaigusa ile sahani ya nyuma, ambayo pedi za breki huibana. Glavu ilitoka inang'aa, inateleza kwa dawa, inanukia nazi.

Hapo akakumbuka. Jumapili ile. Mara moja tu.

Ueslei hakusahau! Alikanyaga, maskini, alikanyaga kwa mguu wake wa kulia mpaka mwisho, na breki haikushika. Kosa lake lilikuwa dogo: mbele ya sherehe, na pikipiki inameremeta vile, hakuijaribu kwanza. Jucimara aligeuka aupigie kelele mtaa mzima neno ambalo alikuwa amelitafuta mwaka mzima. Mdomo ulikwisha funguka.

"Ni mimi niliyeing'arisha," mama yake alikuwa akimwambia jirani, uso umechanua. "Kama siku ile ile."

Jucimara akafunga mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu huu mzazi alikuwa bado hajaonjeshwa. Aliipangusa sahani kwa glavu, akaizungusha pikipiki, akairudisha kwa kuisukuma.

"Kuna nini?" Genival alimfuata mbio, kitambi kikimtangulia.

"Hamna. Moyo umekataa."

"Leo? Mbele ya watu wote hawa?"

"Naogopa, Seu Genival. Niache."

"Kaka anasahau, dada anaogopa!" kijana mmoja alipaza sauti, ni yule yule wa kofi. "Nenda kakate keki, dada!" Watu wakacheka, kisha pikipiki nyingine zikatangulia bila damu ya marehemu, pua juu, vumbi likapanda.

Mama yake alimkumbatia. "Usilie. Afadhali woga wako, mwanangu. Angekuwa nao yeye, hata nusu yake, leo ningekuwa naye." Alimfuta vumbi usoni kwa kiganja kilichonukia nazi, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeuliza swali hilo usiku na mchana, "Kwa nini hakukanyaga breki, Juci? Wewe umejifunza. Niambie wewe. Kwa nini?"

Jucimara aliitazama ile sura kwenye fulana ya mama yake. Ueslei alikuwa anacheka.

"Alisahau, mama."