Homa Ndogo ya Zuena

Pale Kwamsisi, homa za ukoo mzima zilipimwa kwa mkono wa Mwaija. Asubuhi hiyo mkono ukatua kwenye paji la uso la Zuena, mke wa kaka yake, na kutoa hukumu.

"Wifi, huna homa. Ni wasiwasi tu. Meza panadol, wakwe wako njiani kutoka Mombo."

Zuena hakubishana na mkono. Alichomoa kipimajoto kwapani: thelathini na nane nukta tatu. Mguu uliokwaruzwa na jembe juzi ulikuwa umevimba, unawaka. Alikuwa na lupasi, maradhi ambayo askari wa mwili huwageukia wenye nyumba. Dawa zake huwalaza askari hao, basi mwizi akiingia hakuna wa kupiga yowe. Daktari alishamwonya: ikifika thelathini na nane, njoo saa hiyo hiyo, homa ndogo kwako ni kubwa.

"Leo wanaleta mahari ya Maryamu," Mwaija alifoka. "Mama mtu aondoke? Mombo nzima itatucheka!"

"Wacheke. Meno ni yao."

Kusema kweli aliogopa, na woga ule ulimpandisha hasira. Mwaka juzi aliona haya kuwaacha wageni wa arobaini ya baba yake, akangoja, akaishia kulala wodini wiki tatu hajitambui. Adabu ile nusura imzike. Safari hii, hapana.

Akatia kadi ya kliniki mkobani, akamwita Sadala wa bodaboda. Maryamu, hina bado mbichi mikononi, alimfungulia mlango kwa kiwiko. "Wahi, mama."

Njiani wakapishana na gari la wakwe. Zuena alimsimamisha Sadala, lakini hakushuka.

"Shikamoo, mzee Ramadhan," alimwambia mshenga. "Karibuni, pilau ipo. Mimi nawahi hospitali Handeni."

Mzee alipoitikia marahaba, pikipiki ilikuwa imeshaondoka.

Jioni, Zuena akiwa kitandani na dripu mkononi, daktari alimwambia kwamba kama angengoja hadi kesho, sumu ya mguuni ingekuwa imeshaenea kwenye damu. Simu ikalia. Alikuwa Mwaija.

"Mahari tumepokea. Ila shangazi wa bwana harusi anauliza, huyo mama mwenye kiburi ndiye atakayekuja harusini?"

Zuena alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika.

"Mwambie ndiye huyo huyo. Atakuja, tena kwa miguu yake yote miwili."