Viazi vya Seva ya Bure

Jumatatu ya majaribio, Wachuka, fundi wa kompyuta, alifika Chaka mapema, akafungua stoo ya mbegu ambayo chama cha wakulima wa viazi kilikuwa kimeigeuza chumba cha mitambo, akakuta sakitu sakafuni. Ilikuwa ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza majani ya viazi huko Kieni, lakini hapa ilikuwa upande wa kushoto tu, kuizunguka seva ya pili. Upande wa kulia, chini ya seva ya kwanza, saruji ilikuwa imepasuka na miche ya viazi ikachomoza, mibichi na minene. Wachuka alivuta kiti katikati, akafunga zipu ya koti na kuendelea na kazi.

Chama kilitaka mfumo wa mtandaoni ambao mkulima angetangaza viazi vyake kwa simu, mnunuzi wa Karatina au Nairobi aagize, na lori lijue pa kupitia kabla viazi havijaoza. Mfumo wa namna hiyo hukalia jukwaa la seva, yaani ile programu inayompokea kila anayebisha, ikamtafutia anachotaka na kumjibu kabla hajachoka kungoja. Majukwaa yaliyopendekezwa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la bure, kazi ya watu wengi wa nchi nyingi, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunulia mwenyekiti chai. La pili lilikuwa la leseni, na muuzaji wake alikuwa Griffins.

Griffins alivaa viatu vilivyochongoka na alikuwa karibu kumwoa binti wa mwenyekiti. Jukwaa lake aliliita suluhisho. Wachuka alipomuuliza lingefanya nini wakulima wengi wakibisha kwa pamoja, alijibu kwamba lilishawahi kupewa tuzo.

Kwa hiyo Wachuka akaamua kuyapima mwenyewe. Alijenga mfumo mdogo ule ule juu ya majukwaa yote mawili, la bure kwenye seva ya kwanza na la leseni kwenye ya pili, akatunga wakulima wasiokuwepo, akawatuma wabishe kwa fujo kama siku ya soko. Jukwaa la bure liliwajibu wote. La leseni liliwajibu wachache, likasimama, likaomba leseni yake ikaguliwe upya. Kila liliposimama, sakitu ilisogea mbele kidogo. Beth, karani wa ofisi, alianza kuweka maziwa ya chai upande ule yasichachuke. Upande wa pili miche ilikuwa imeshatoa maua, na kabla ya mkutano wa bodi viazi vilikuwa vimekomaa. Beth alivichimbua kwa kisu cha jikoni, akapangusa kimoja kwa aproni yake na kusema ni shangi, mbegu ile inayopendwa sokoni.

Akaviponda, akaipikia bodi mukimo.

Mwenyekiti wa bodi, Kingori, alikuwa mtu aliyezoea kupigiwa makofi hata akikohoa. Wambugu, mweka hazina, aliomba kuongezewa mara mbili. Wachuka alisoma matokeo yake akiwa amesimama, huku wao wakitafuna, kisha akawapeleka stoo wakajionee. Kingori aliikwepa sakitu asiteleze, akaipapasa seva ya leseni shingoni kama anayekagua ndama. Alisema imependeza, mashine haifai kuwa na joto. Griffins akaeleza kwamba ubaridi huo unakuja nayo, haulipiwi zaidi.

"Mwenyekiti, hiyo si baridi ya mashine," Wachuka alisema. "Ni sakitu. Na hii mfumo itaingia kwa simu ya kila mkulima."

"Wewe ni msichana wa kompyuta. Mambo ya hewa wachia Mungu."

"Na hizi viazi mmekula zimetoka wapi?"

"Viazi ni tamu, hakuna mtu amekataa." Kingori alichokoa jino. "Lakini kitu ya bure haina mwenyewe. Ikiharibika, nitashika nani shati?"

"Hii ingine imeshaharibika."

"Lakini iko na mwenyewe," alisema Kingori, akamshika Griffins bega.

Bodi ilicheka, ikalipigia kura jukwaa la Griffins. Mikono mingine iliinuka ikiwa bado imeshika uma. Wachuka alikataa kutia sahihi pendekezo hilo, na Kingori akasema haidhuru, Wambugu ana mwandiko mzuri. Seva ya bure ikazimwa. Kufikia saa za chai miche ilikuwa imenyauka, na Beth akaifagia nje pamoja na vumbi la saruji.

Jioni hiyo, kwake mtaani Skuta, Wachuka aliwaza kuacha kazi. Hakuacha. Alijiambia kwamba wakulima watahitaji mtu wa kuuinua mfumo kila unapoanguka, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba alitaka kuwepo watu wale wakiaibika. Alikuwa amewadharau kwa muda mrefu, na dharau yake ilikuwa imenona. Hakutaka kuikosa karamu.

Mfumo ulizinduliwa Endarasha chini ya hema, kwa maombi na nyimbo. Wiki hiyo hiyo ikajulikana unavyofanya kazi. Mkulima akiufungua kutangaza viazi vyake, ukurasa ulizunguka na kuzunguka, kisha sakitu ikaanguka juu ya shamba lake, ikaishia kwenye ua wa mpaka. Jirani asiye na simu ya maana alibaki na majani ya kijani kibichi, na watu wakamwona ni mtu aliyeachwa nyuma.

Walalamikaji walifika ofisini, wengine wamebeba mashina meusi. Kingori aliwapokea kwa heshima. Aliwakumbusha kwamba Kieni imekuwa na sakitu tangu enzi za babu zao, wakaona hilo ni kweli. Halafu bodi ikawaletea nailoni za kufunikia mimea. Griffins ndiye aliyeziuza, na ziliagizwa kupitia mfumo huo tu. Wanachama walishukuru. Kwenye mkutano mkuu Kingori alirudishwa kitini bila mpinzani, na alipokohoa, wakapiga makofi. Wachuka alisimama nyuma akiwatazama wote, walio mezani na walio kwenye nyasi, akingoja aibu ianzie popote. Haikuanza.

Jumamosi iliyofuata alimtembelea shangazi yake Endarasha, dada ya baba yake, aliyeitwa Wangui, ambaye yeye alimwita Tata. Lilikuwa jua kali la alasiri. Viazi vya Wangui vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi tangu kijana wa jirani alipomtangazia kwenye mfumo, ila kona moja karibu na choo ilibaki na minji, yaani njegere, zenye maua meupe. Wangui alimkaribisha chai, wakaongea habari za nyumbani, kisha akatoa simu kwenye mfuko wa sweta. Aliomba aagiziwe nailoni.

"Tata, nikifungua hii kitu, hiyo kona pia itaungua."

"Najua."

"Sasa nailoni itafunika nini?"

"Wachuka, nailoni inaagizwa humo tu. Wenzangu wote wako nayo. Na wewe ndio unajua kubonyeza."

Wachuka alimtazama mama huyo aliyemlea likizo zote za utotoni. Alitafuta dharau aliyokuwa amewawekea watu wa bodi, akaona inamtosha hata shangazi, hata na yeye mwenyewe, na bado ingebaki. Akabonyeza.

Ukurasa ulizunguka. Walikaa kizingitini wakingoja. Sakitu ilishuka taratibu ndani ya jua, ikatua juu ya minji, juu ya kamba ya nguo, juu ya mgongo wa kuku aliyejikung'uta na kuendelea kuparua. Wangui alichukua ungo, akaenda kuchuma maganda ambayo hayakuwa yameungua bado.

"Imekubali?" aliuliza kutoka kule.

Wachuka alisoma. Simu ilikuwa imeandika kwamba ombi halijapokelewa, jaribu tena.

"Bado, Tata."

"Basi jaribu tena," alisema Wangui, bila kuinua kichwa.